Mtoto akitoka kitandani kwa mama

Nyumba nyingi za Mlimba, katika bonde la Kilombero, zina mpangilio wa kulala ambao hakuna aliyeuandika. Kichanga yuko kitandani na mama. Anayemfuata, wa miaka mitatu au minne, kabanwa upande wa ukutani. Wa darasa la tatu yuko sebuleni kwenye mkeka, na wa sekondari, kama ni wa kiume, ameshahamia kwenye kachumba ka uani anakokaita geto. Sasa angalia chandarua kilipo: kipo kitandani kwa mama. Siku mtoto anapohama pale kumpisha mdogo wake, mara nyingi anaacha kitanda na chandarua kwa pamoja.

Si uzembe wa mama. Alifundishwa hivyo, tena alifundishwa humu humu bondeni. Mwaka 1997 mradi wa KINET ulianza kuuza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na watafiti wa Ifakara wakafuatilia maisha ya watoto. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa uwezekano wa mtoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne kuendelea kuishi uliongezeka kwa asilimia 27 alipolala kwenye chandarua chenye dawa. Kuanzia mwaka 2004 ikaja Hati Punguzo, vocha ya kununulia chandarua kwa bei nafuu, ambayo wajawazito waliipata kliniki. Kwa miaka mingi ujumbe ulikuwa mmoja: mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano kwanza. Kwa upande wa vifo, ujumbe huo ulikuwa sahihi na bado ni sahihi.

Mtoto anapozaliwa huwa na kinga aliyorithi kwa mama yake, na kinga hiyo huisha ndani ya miezi michache. Baada ya hapo yuko wazi, na malaria inaweza kumwangusha kwa saa chache: homa, degedege, kuishiwa damu. Akinusurika vipindi kadhaa vya ugonjwa, mwili unajifunza. Kufikia umri wa kuanza shule, mtoto aliyekulia kwenye malaria nyingi haugui sana kama zamani. Lakini kutougua hakumaanishi kwamba hana vimelea. Anaweza kukaa navyo wiki na wiki, akicheza mpira na kwenda shule, damu ikipungua taratibu, mwalimu akilalamika kwamba anasinzia darasani. Mbu akimuuma, anavichukua vimelea hivyo na kuvipeleka chumba cha pili, kwa yule kichanga. Vipimo vya damu katika nchi nyingi za Afrika vimeonyesha jambo hilo hilo: watoto wa umri wa shule ndio wenye vimelea zaidi, na ndio wanaolala kwenye chandarua kwa uchache zaidi. Mwaka 2013 Tanzania ilianza kugawa vyandarua kupitia shule, ikianzia Lindi, Mtwara na Ruvuma.

Mpaka hapo nimeizungumzia nyumba moja. Mlimba, mvua zikianza, familia inakuwa na nyumba mbili.

Mashamba ya mpunga yako mbali, chini kwenye mbuga, na mama hawezi kwenda na kurudi kila siku. Anahamia dunguni: kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, sakafu ya fito, paa la nyasi, kuta nusu au hakuna kabisa. Anakaa huko wakati wa kupanda na kupalilia, na anarudi tena mpunga unapoanza kutoa masuke, maana kwelea kwelea hawangoji mtu. Atakayekwenda naye anajulikana: anayenyonya na anayemfuata. Wanafunzi wanabaki kijijini na bibi, au na dada yao mkubwa, wakiungana na mama siku za mwisho wa wiki kuamia ndege.

Na chandarua? Kipimo cha kimataifa ni kimoja kwa kila watu wawili, lakini hiyo ni hesabu ya kaya inayolala mahali pamoja. Kaya ikigawanyika, chandarua hakigawanyiki. Kikienda dunguni, kitanda cha nyumbani kinabaki wazi. Dunguni kwenyewe hakuna misumari; mama hukata kamba za gunia, anazifunga kwenye boriti pembe nne, kisha anakunja pindo chini ya mkeka kwa uangalifu, kwa sababu mkeka hauna godoro la kulikandamiza. Asubuhi anakifungua na kukikunja kisije kikachomwa na cheche za jiko. Baada ya msimu mmoja wa namna hiyo matundu ya pembeni yanapitisha kidole. Nikiona chandarua cha aina hiyo kimeshonwa kwa uzi wa gunia, mimi husoma bidii, ingawa najua watu wengine husoma umaskini tu.

Mbu nao wana tabia zao. Katika vijiji vya bonde hili vilivyofanyiwa utafiti, Anopheles funestus ndiye anayebeba sehemu kubwa ya maambukizi, zaidi ya mara nne katika kila tano. Huyu anapenda maji yanayokaa mwaka mzima, kama kingo za mito na madimbwi yenye majani, na huingia ndani usiku mtu akiwa amelala. Chandarua kinamkabili. Lakini Anopheles arabiensis huzaliana hata kwenye maji ya majaruba, na huuma mapema, nje, saa mbili za usiku, mama akiwa bado anageuza ugali na watoto wamezunguka moto. Saa hiyo hakuna chandarua kinachosaidia. Watafiti wa Ifakara wamejaribu kwa wakulima hawa wanaohamia mashambani vipande vya gunia vilivyotiwa transfluthrin, dawa inayofukuza mbu kwa mvuke wake, vikafungwa kuzunguka ukingo wa paa. Wamebuni pia kibanda cha kubebeka chenye wavu. Vyote vinaonyesha njia, ila bado si vitu ambavyo mama atavikuta dukani kesho.

Kinachoweza kufanyika kesho ni kukubaliana na bibi. Mjukuu wa miaka tisa akichemka mwili wakati mama yuko shambani, bibi wengi hungoja mama arudi, au humpa panadoli alale. Kabla ya kuondoka mama aseme wazi: homa ikipanda, nenda zahanati siku hiyo hiyo akapimwe kwa kipimo cha haraka, na nauli hii hapa. Akikutwa na malaria, dawa ya mseto ni asubuhi na jioni kwa siku tatu, pamoja na chakula, hata akionekana amepona siku ya pili.

Mtoto anayesoma bweni naye asisahaulike. Treni ya TAZARA inapanda kutoka Mlimba kwenda Makambako, kwenye baridi ambako malaria ni chache, na wapo wazazi wanaosomesha huko. Miezi ikipita bila kuumwa na mbu, kinga ya mtoto hupungua. Anarudi likizo ya Juni, wakati wa mavuno, mrefu kuliko mama yake, na anapelekwa kulala mkekani kama mtu mzima. Huyo anahitaji chandarua kuliko anavyoonekana.

Halafu binti. Mimba ya kwanza huwapa vimelea mahali pa kujificha ambapo mwili wake haujawahi kupazoea: kondo la nyuma. Kinga yote aliyojenga tangu utoto haimtoshi hapo, na mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo. Akirudi nyumbani kujifungulia kwa mama, kitanda chenye chandarua ni chake, hata kama kuna mdogo wake wa miaka mitano anayekilalia. Kliniki aanze mapema, maana chandarua kingine hutolewa huko hudhurio la kwanza, na kuanzia wiki ya 14 ya ujauzito atapewa SP, dawa ya kuzuia malaria kwa wajawazito, akiimeza mbele ya muuguzi, kisha kila baada ya wiki nne au zaidi, isipungue mara tatu hadi siku ya kujifungua.