Msimu Usio na Jedwali: Kandanda la Kiungani na Njia Zake hadi Meru na Embu

Vijana wa mitaa ya Majengo wakizungumzia msimu wa kandanda, iwe hapa Meru au kule Embu, huzungumzia jedwali: pointi ngapi, mabao mangapi ya kufunga na kufungwa, nani anashuka daraja. Kipimo hicho hakifai kwa timu ya Chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani, Unguja, mwanzoni mwa karne ya 20. Huko ligi ilikuwa haijazaliwa. Msimu wao ulifuata kalenda ya chuo, masika na vuli, na meli zilizotia nanga bandarini. Hata hivyo naushikilia kuwa mmoja wa misimu iliyozaa sana katika historia ya michezo ya Afrika Mashariki, na nitaeleza kwa nini.

Kiungani kilikuwa kusini ya mji wa Unguja, chini ya misheni ya Kianglikana ya UMCA. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana waliotolewa katika majahazi ya watumwa na manowari za Waingereza. Kadiri biashara hiyo ilivyokatika, nafasi zao zilichukuliwa na vijana waliotumwa kutoka vituo vya misheni vya bara: Magila katika nchi ya Bonde, Masasi kusini, na pwani ya Ziwa Nyasa. Walikuja kusomea ualimu, na baadhi yao ushemasi na ukasisi. Mbondei, Mmakua na Myao walikutana darasani kwa Kiswahili, na jioni wakakutana uwanjani kwa lugha hiyohiyo.

Walicheza na nani? Mwaka 1879 waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Zanzibar, na kampuni ya Eastern Telegraph ikaleta watumishi Waingereza waliopenda mpira. Manowari zilipopita, mabaharia walishuka wakitafuta wa kucheza nao. Kwa hiyo ratiba ya Kiungani haikuweza kupangwa. Huenda wiki kadhaa zikapita vijana wakigawana pande mbili wao kwa wao, kisha meli ikaingia na pakawa na mechi ya kweli, dhidi ya watu wazima waliovaa viatu. Kucheza pekupeku lilikuwa jambo la kawaida kwa vijana wa shule za misheni zama zile, na ukikumbuka jinsi mpira wenyewe ulivyokuwa utaelewa ugumu wake.

Lile lilikuwa gozi la kweli. Ngozi ilishonwa kuzunguka kibofu cha mpira, na mdomo wake ukafungwa kwa kamba iliyotokeza nje. Likiwa kavu lilitakiwa kuwa na uzito wa wakia 13 hadi 15, yaani takriban gramu 370 hadi 425. Likilowa kwa mvua ya masika, ngozi ilinyonya maji na uzito ukapanda. Aliyelipiga kichwa upande wa kamba aliumia paji la uso. Ndiyo maana sina subira na wanaodai kwamba wazee wale walicheza mpira wa kitoto kwa sababu mabao yao yalikuwa machache.

Sheria nazo zilikuwa nyingine. Hadi mwaka 1912 mlinda mlango aliruhusiwa kuudaka mpira kwa mikono popote katika nusu yake ya uwanja, mradi asitembee nao zaidi ya hatua mbili. Leigh Richmond Roose, mlinda mlango maarufu wa Wales, alijipatia jina kwa kuudundisha mpira kuelekea katikati ya uwanja kabla ya kuupiga mbele. Mwaka huo mikono ikafungiwa ndani ya eneo la adhabu. Mchezaji wa akiba hakuwapo. Aliyevunjika mguu alitoka, na wenzake wakamaliza wakiwa kumi.

Lililotawala mchezo kuliko yote lilikuwa sheria ya kuotea. Leo mshambuliaji akiwa na wapinzani wawili kati yake na mstari wa goli, yuko salama. Zama za Kiungani alihitaji watatu. Fikiria maana yake uwanjani. Beki mmoja mwerevu aliweza kusogea mbele na kuwaacha washambuliaji wote wameotea, huku mwenzake akibaki nyuma pamoja na mlinda mlango kwa tahadhari. Pasi ndefu ya kumpenyeza mtu nyuma ya mabeki ilikuwa kazi bure. Silaha iliyobaki ilikuwa chenga na mbio za pembeni, na timu zilipangwa kwa mabeki wawili, viungo watatu na washambuliaji watano. Mwaka 1925 watatu wakawa wawili, na katika msimu mmoja tu mabao ya ligi ya Uingereza yakapanda kutoka 4,700 hadi 6,373.

Mwaka huohuo wa 1925 masomo ya Chuo cha Mtakatifu Andrea yalikuwa yakihamia bara, Minaki, si mbali na Dar es Salaam. Lakini mpira wa Kiungani ulikuwa umeshatoka chuoni. Vijana wa mji wa Unguja, hasa wa mtaa wa Ng'ambo, waliuona, wakaujifunza na kuunda timu zao. Miaka ya 1920 ilipofika, kwenye uwanja wa Mnazi Mmoja mjini humo palikuwa na mashindano yaliyopangwa na klabu zenye mashabiki wao. Na wahitimu walipopelekwa Bonde, Masasi na Nyasa kufundisha, waliuchukua mchezo pamoja na ubao na chaki. Anayetaka matokeo ya msimu wa Kiungani na ayatafute kwenye ramani ya vituo walivyopangiwa walimu hao.

Njia ya kwetu ilifanana na hiyo, ila ilichelewa. Mwaka 1906 zilifunguliwa shule mbili zilizokuja kuvuma, lakini zote mbali na kwetu: Maseno upande wa Nyanza na Budo kule Buganda. Huku milimani wamisionari walikuwa wamegawana ardhi: Wamethodisti Kaaga, Waskoti Chogoria, Waanglikana Kigari. Misheni hizo tatu zilikuwa miongoni mwa madhehebu ya Kiprotestanti yaliyoungana kuanzisha shule ya Alliance, Kikuyu, Machi 1926. Kijana wa Meru na kijana wa Embu wakapata mahali pa kukutana na wenzao wa nchi nzima, darasani na uwanjani. Tena walianza chini ya sheria mpya ya kuotea, iliyokuwa na umri wa miezi tu, kwa hiyo kandanda lao halikuwa lile la wazee wa Kiungani. Mwaka huo Kenya na Uganda zilikutana Nairobi kwa mara ya kwanza kugombea Kombe la Gossage, lililotolewa na mtengeneza sabuni, na Kenya ikashinda.

Majengo yetu hayakungoja shule. Boma la Embu lilianzishwa mwaka 1906 na la Meru mwaka 1908, na kando ya maboma hayo ikaota mitaa ya askari, wapagazi, makarani na wachuuzi waliokuja na Kiswahili chao na Uislamu wao. Kandanda lilikuwa burudani ya kambi za King's African Rifles na ya miji ya pwani, na watu wa aina hiyo ndio waliojenga mitaa hii. Mpira wao haukuwa na mwalimu wa kuwafundisha nidhamu ya kikristo wala kengele ya kufunga mazoezi. Napenda wanahistoria wa shule zetu wakumbuke upande huo, kwa sababu vitabu vya shule husifu misheni peke yake.

Upande wa shule, mfano wa safari ya kwenda kusoma na kurudi kufundisha ni Jeremiah Nyagah, aliyezaliwa Embu mwaka 1920. Alisoma Kigari, kisha Alliance, kisha Makerere, na kabla ya kuchaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958 alikuwa amerudi nyumbani kufundisha, Kigari na Kangaru.