Jiko la Kuni Linalodumu: Kagua Haya Kabla ya Kutoa Pesa

Baridi ya Juni hadi Agosti inapokaribia, wachuuzi wa majiko huonekana wengi kando ya barabara za masoko yetu, kuanzia Ol Kalou hadi Engineer. Majiko yanang'aa kwa rangi ya fedha, mishikio ni ya mbao laini, na bei inaweza kuteremshwa ukijua kuomba. Tatizo ni kwamba sehemu inayong'aa siyo inayokutana na moto.

Mwandishi wa makala haya alijifunza hilo kwa hasara. Mwaka juzi nilimnunulia mama jiko la aina hiyo kabla ya mvua za masika. Kufikia Krismasi sakafu yake ya ndani ilikuwa imetoboka na mlango umepinda hata haufungi. Mama hakunilaumu. Alilipeleka nyuma ya nyumba, akalitandika nyasi, na mpaka leo kuku wanatagia humo.

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, asilimia 55.1 ya familia nchini Kenya hutegemea kuni kwa mapishi. Huku Nyandarua kuni zina kazi ya pili: kuota moto. Kazi hizi mbili hazielewani sana, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapokosea.

Jiko lililoboreshwa kwa ajili ya kupika, kama yale ya kauri yaliyoenea tangu miaka ya 1980 au yale yanayoitwa roketi, limetengenezwa ili joto lisitoroke. Kuta zake ni nene, na moto wote huelekezwa kwenye sufuria. Ndiyo maana linakula kuni chache. Lakini joto lisilotoroka halifiki kwenye miguu ya mtu aliyeketi kando. Mafiga matatu hupasha chumba kwa sababu yanapoteza moto kila upande. Ukiona jirani amenunua jiko zuri halafu Julai amerudi kwenye mafiga, usidhani ni ukaidi, anasikia baridi.

Kwa hiyo jiulize kwanza unataka nini. Kama ni kupika tu, jiko la kauri au la roketi litakutosha na litakuokolea kuni. Kama unataka kupika na kupasha nyumba pia, tafuta jiko la chuma kizito lenye bamba juu, mlango unaofungika vizuri na bomba la kutoa moshi nje. Hilo ni ghali zaidi, na halihamishwi ovyo. Wapo wanaochukua njia ya tatu, yaani jiko la kauri jikoni na la bomba sebuleni. Ni njia nzuri kama mfuko unaruhusu.

Sasa uimara. Anza na unene wa chuma. Sote tunajua mabati ya geji 30 ni membamba kuliko ya geji 28. Namba ikishuka, bati linanenepa. Kwa majiko ni vivyo hivyo. Bati la geji 24 lina takriban milimita 0.6, na likiguswa na moto kila siku halitachukua muda mrefu kuliwa. Geji 16 ni takriban milimita 1.5. Kwa jiko la kupasha nyumba, mwambie fundi atumie chuma cha milimita 3 au zaidi kwenye tumbo la jiko, na bamba la juu liwe nene kuliko hapo ili lisipinde chini ya sufuria ya githeri. Usione haya kulinyanyua jiko na kuligonga. Jepesi linalolia kama debe liache hapo hapo. Kagua pia sehemu zilizochomelewa: mstari uwe mfululizo, bila matundu. Ukiwasha tochi ndani na kuona mwanga nje, moshi nao utapitia hapo.

Kataa chuma kilichopakwa zinki, yaani mabati ya kuezekea, kikitumiwa ndani ya tumbo la jiko. Kinapopata moto mkali hutoa mvuke unaodhuru mapafu, na baada ya zinki kuisha kutu huingia haraka. Chuma cha kusubu hustahimili moto bila kupinda, ila kina adui wake: ukikimwagia maji baridi kikiwa moto, kinapasuka.

Jiko la kauri nalo hukaguliwa kwa sikio. Gonga ule udongo uliochomwa kwa kifundo cha kidole. Mzima hutoa mlio safi, na wenye ufa hutoa sauti nzito iliyokufa. Ukifika nyumbani, siku za kwanza washa moto mdogo tu ili unyevu utoke polepole. Usizime kwa maji.

Wavu unaobeba kuni, popote ulipo, ndio huanza kuisha. Nunua jiko ambalo wavu wake unatoka, ili ukiliwa na moto ubadilishe wavu tu, si jiko zima. Kwa bidhaa za viwandani, tafuta alama ya ubora ya KEBS na uithibitishe kwa simu: andika SM, alama ya #, kisha namba iliyo chini ya alama hiyo, utume kwa 20023. Kwa jiko la fundi wa mtaani, omba risiti na mkubaliane ni muda gani atalirekebisha likiharibika. Fundi mwenye uhakika na kazi yake hakasiriki kuulizwa hivyo.

Bomba la moshi lisikatwe fupi ili kupunguza gharama. Lipite juu ya kilele cha paa, la sivyo upepo utaurudisha moshi ndani. Nyumba zetu nyingi ni za mbao, kwa hivyo weka jiko angalau mita moja kutoka ukutani, na bomba lisikaribie mbao kwa chini ya nusu mita. Linapopenya paa, fundi aache nafasi na aizungushie bati ili bomba lisiguse boriti. Masizi hujikusanya ndani, hasa ukichoma saiprasi yenye utomvu, na yakiwa mengi huweza kushika moto humo humo juu. Lisafishe kila mwezi wakati wa baridi.

Kuna jambo moja ambalo halina mjadala. Usiingize jiko la makaa chumbani ili ulale nalo. Watu huogopa moshi, na makaa yaliyokolea hayana moshi, kwa hiyo huonekana salama. Kumbe hapo ndipo yanapotoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua mtu akiwa usingizini. Sufuria ya maji juu ya jiko haiondoi hewa hiyo, na katika chumba kilichozibwa hata mpasuko mdogo wa dirisha si kinga ya kutegemea. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kuishiwa nguvu. Ukiona watu wawili au watatu wa nyumba moja wanalalamika hivyo kwa pamoja, watoe nje mara moja na uwakimbize hospitali. Jiko la kuni lisilo na bomba pia si la chumba cha kulala, na hata lenye bomba liache lizime kabla ya watu kulala.

Hata jiko bora litakuangusha ukililisha kuni mbichi. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na moto hulazimika kuyakausha maji hayo kabla ya kukupa joto. Matokeo yake ni moshi, masizi na chai inayochelewa. Mikaratusi na miwati iliyopasuliwa Januari, ikapangwa chini ya paa bila kugusa ardhi huku upande mmoja ukipigwa na upepo, itakuwa tayari ifikapo Julai. Gonganisha vipande viwili: zikilia kwa sauti kali na ncha zikiwa na nyufa, zimekauka. Kama hukuwahi Januari, pasua vipande vyembamba sasa, na uviweke karibu na jiko siku chache kabla ya kuvitumia, lakini visiliguse.