Mguu wa Kupinda: Kazi Inaendelea Nyumbani
Mama, mtoto akizaliwa na mguu wa kupinda, si uchawi wala kosa lako. Munganga anaunyoosha kwa plasta mpya kila juma, mara 5 hadi 7 hivi. Kisha mtoto anavaa viatu vilivyounganishwa na chuma: masaa 23 kila siku kwa miezi 3, halafu usiku tu mpaka miaka 4 ao 5. Hata mguu ukiwa mzuri, usiviache, utapinda tena.

Kabla ya kurudi Fungurume, omba namba ya munganga. Safari ikishindikana, mpigie simu, mtumie picha ya mguu. Lakini vidole vikivimba, vikiwa baridi ao vyeusi ndani ya plasta, usingoje simu: peleka mtoto ku lopitalo sasa hivi.