Kamera Inavyoupoteza Wekundu wa Oktoba

Wiki ya kwanza ya Oktoba, barabara za milima ya Vermont na New Hampshire, kaskazini-mashariki mwa Marekani, hujaa magari ya mwendo wa pole na watu waliosimama pembeni kupiga picha. Miti ya mepo, ile ambayo jani lake limo katika bendera ya Kanada, imegeuka nyekundu, chungwa na manjano, pengine rangi zote tatu katika tawi moja. Jioni wakizipitia picha zao, wengi hunung'unika. Mlima uliokuwa ukiwaka umetoka umepauka, na jani jekundu limekuwa doa lisilo na mshipa hata mmoja. Lawama huangukia simu au bei ya kamera, kumbe mpigaji hajajiuliza rangi ile inakaa wapi.

Inakaa ndani. Jani limefunikwa utando mwembamba wa nta, na mwanga ukilifikia hugawanyika. Sehemu huruka juu ya nta bila kuingia, nayo hubaki na rangi ya mbingu ilikotoka: nyeupe au buluu. Sehemu nyingine hupenya hadi kwenye seli, hupita katika pigmenti, na hutoka imeshatiwa rangi. Jicho hupokea zote mbili pamoja, lakini ubongo huupuuza ule mng'ao wa juu. Kamera haipuuzi kitu.

Pigmenti zenyewe hazina historia moja. Manjano na chungwa hutokana na karotenoidi, ambazo zimo katika jani kiangazi chote, ila zimefunikwa na klorofili ya kijani. Siku zinapofupika, mti huacha kutengeneza klorofili mpya, huivunja iliyopo, na huvuna naitrojeni ya jani na kuihifadhi katika matawi na shina kabla ya baridi kali. Kijani kikiondoka, manjano huonekana. Wekundu ni habari nyingine. Huo ni anthosiani, na katika mepo hutengenezwa upya wakati huohuo wa kupukutika, kwa kutumia sukari ya jani litakaloanguka baada ya siku chache. Mchana wa jua kali ukifuatwa na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha, wekundu huzidi. Ndiyo maana mwaka mmoja mlima huwaka na mwaka unaofuata huwa wa kahawia, na ndiyo maana upande wa mti unaopigwa na jua hutangulia kuwa mwekundu.

Kwa nini mti uingie gharama hiyo? W. D. Hamilton, mwanabiolojia wa Uingereza, na mwenzake Sam Brown walitoa jibu mwaka 2001: rangi kali ni onyo kwa wadudu, hasa vidukari wanaotafuta pa kutagia mayai, kwamba mti huu una nguvu za kujikinga. Hamilton hakuiona makala hiyo ikichapishwa. Aliugua malaria katika safari ya utafiti nchini Kongo mwanzoni mwa mwaka 2000, akafariki Machi ya mwaka huo. Wanasayansi wengine husema anthosiani ni kivuli tu: jani linalobomoa mitambo yake ya usanisinuru haliwezi kuutumia mwanga wote linaoupokea, hivyo hujikinga usiliunguze. Mimi naegemea upande huu, na kinachonivuta ni misitu ya miombo. Pale Tabora, kabla mvua hazijaanza, miti mingi ya miombo huchanua majani mapya mekundu. Hapo wekundu unakuja jani likizaliwa, si likifa, lakini shida inafanana: klorofili ni kidogo na jua ni kali. Huo si ushahidi wa kumaliza ubishi, lakini si jambo la kupuuza.

Turudi kwa mpigaji. Kazi yake ya kwanza ni kuuondoa mng'ao wa nta ili rangi ya ndani ionekane. Njia rahisi kuliko zote ni kusimama jua likiwa nyuma ya jani, sio nyuma yako. Hapo kinachofika kwenye lenzi ni mwanga uliopenya pigmenti, na jani huonekana kama kioo cha taa. Njia ya pili ni filta ya polaraiza. Mwanga unaoruka juu ya nta hutikisika zaidi katika mwelekeo mmoja, hasa ukilipiga jani kwa mshazari wa nyuzi 55 hivi kutoka wima wa uso wake. Kanuni ya pembe hiyo ilielezwa na Mskoti David Brewster mwaka 1815. Filta ikizungushwa hadi mahali pake huuzuia mwanga huo na kuuacha ule wa rangi. Hufanya kazi hata siku ya mawingu, na hasa baada ya mvua, majani yakiwa yamelowa. Mwenye simu anaweza kushika miwani ya jua ya polaraiza mbele ya lenzi na kuizungusha polepole.

Tatizo la pili limo ndani ya kamera. Kihisi cha kamera nyingi kimepangwa kwa mtindo wa Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, aliyepewa hataza yake mwaka 1976: katika kila pikseli nne, mbili husoma kijani, moja nyekundu na moja buluu. Mbele ya jani jekundu, pikseli nyekundu hujaa pomoni wakati zile za kijani na buluu ziko karibu tupu. Kamera ikikadiria kwa jumla huona giza, huongeza mwanga, na wekundu hufurika. Mishipa ikishapotea hivyo, hakuna programu itakayoirudisha. Punguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu (kipimo cha mwanga cha wapiga picha) au stopu nzima, na uangalie histogramu, yaani mchoro wa viwango vya mwanga, ya nyekundu peke yake. Kisha zima urekebishaji wa rangi wa kiotomatiki. Urekebishaji huo ukiona mlima mzima wa chungwa, huudhania ni mwanga wa taa na kuutia ubuluu. Chagua alama ya jua au ya mawingu uiache hapo.

Mjini mambo hubadilika. Boston huchelewa kuliko milima ya kaskazini, na rangi zake huonekana hata Novemba ikiwa imeanza. Taa za barabarani nazo huchelewesha: mwaka 1936 Edwin Matzke alionyesha kwamba jijini New York matawi yaliyo karibu na taa hubaki na majani muda mrefu zaidi. Lakini taa za zamani za sodiamu hazifai kwa picha, kwa sababu mwanga wake una wekundu kidogo mno na jani jekundu hugeuka kahawia. Afadhali dakika chache baada ya jua kuzama, mbingu ikiwa buluu nyuma ya mti wa ginko uliogeuka manjano. Na ukiwa Copley Square, huko Boston, ambako mnara uliokuwa ukiitwa John Hancock huakisi kila kitu katika vioo vyake, vua filta, maana itafuta taswira uliyoifuata.

Wapo wapiga picha wasiojali uzuri hata kidogo. Mtandao wa PhenoCam, ulioanzishwa mwaka 2008, una kamera za kawaida zilizofungwa kwenye minara, mmojawapo ukiwa katika Harvard Forest huko Petersham, Massachusetts. Hupiga picha kila nusu saa mchana, na kompyuta hupima sehemu ya kijani katika rangi zote ili kujua jani limechanua lini na limekufa lini. Mizani ya rangi katika kamera hizo hufungwa isibadilike, vinginevyo Oktoba moja haiwezi kulinganishwa na nyingine. Mwenye mti mbele ya dirisha anaweza kuiga: simu mahali palepale, saa ileile, na kila kitu cha kiotomatiki kimezimwa.