Kifaru wa dhahabu ambaye ndani yake ni mti

Ukimwambia mtu wa Busunzu kwamba kuna kifaru wa dhahabu, huenda swali lake la kwanza likawa: ana kilo ngapi? Jibu linashangaza. Kifaru huyo ni mdogo, anaenea kiganjani, na dhahabu yake ni ganda tu. Ndani alikuwa mti. Leo tunaeleza alivyotengenezwa, na kwa nini habari yake inatuhusu sisi wa Kibondo na Kasulu.

Alitoka wapi?

Kifaru huyu alipatikana miaka ya 1930 katika kaburi la watawala juu ya kilima cha Mapungubwe, Afrika Kusini, karibu na mto Limpopo. Ana umri wa miaka 700 na zaidi. Zama hizo dhahabu ya kusini ilisafirishwa hadi pwani, ikapita Sofala na kufika Kilwa, katika Tanzania yetu ya leo. Shanga za kioo kutoka ng'ambo ya bahari zilikwenda bara kwa njia hiyo ya biashara.

Fundi alifanyaje?

Kwanza alichonga mnyama kwa mti, kama wenzetu wanavyochonga vinyago. Kisha aliifua dhahabu kwa nyundo mpaka ikawa bamba jembamba, akalifunika juu ya mti na kulishikiza kwa misumari midogo sana, nayo ya dhahabu. Mti ulioza zamani, bamba likabaki. Dhahabu haishiki kutu.

Fundi hakubuni mnyama wa ajabu. Alichagua kifaru, mnyama aliyeishi katika nchi yake, akampa mabega mazito na kichwa kilichoinama, kama anayejiandaa kushambulia. Katika makaburi hayo kulikuwa pia na vipande vya wanyama wengine wa dhahabu.

Kwa nini dhahabu inakubali kufuliwa hivyo?

Dhahabu ni laini kuliko madini mengi. Gramu moja tu inaweza kufuliwa hadi ienee karibu mita moja ya mraba. Ikifika hapo ni nyembamba mno, pumzi inaweza kuipeperusha, na mafundi huibandika kwa gundi badala ya misumari. Mchoraji Gustav Klimt wa Austria alibandika dhahabu ya namna hiyo kwenye picha yake maarufu ya wapendanao walio juu ya maua, aliyoichora mwaka 1907 na 1908.

Kwa nini kifaru huyu ana uzito mkubwa?

Watawala wa kibaguzi wa Afrika Kusini walidai kwamba nchi ile haikuwa na ustaarabu wa Waafrika kabla ya wazungu kufika. Kifaru huyu aliwaumbua. Tangu mwaka 2002 nishani ya juu ya nchi hiyo inaitwa Mapungubwe, na wa kwanza kuipokea alikuwa Nelson Mandela.

Na sisi je?

Somo la pili ni la mfukoni. Ikiwa gramu moja inaenea hivyo, basi tapeli naye anaweza kuvika shaba dhahabu kidogo na kukuuzia kwa bei ya dhahabu tupu. Kuangalia kwa macho hakutoshi. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji ya ujazo uleule. Shaba nyeupe au nyekundu haifiki hata nusu ya uzito huo. Kwa hiyo kitu kikubwa lakini chepesi mkononi kitilie shaka. Usinunue njiani wala kwa haraka. Tangu mwaka 2019 serikali imefungua masoko ya madini, likiwemo la Geita, ambako dhahabu hupimwa mbele ya muuzaji na mnunuzi.

Wahenga walisema vyote ving'aavyo si dhahabu. Kifaru wa Mapungubwe anang'aa kweli, lakini thamani yake haikai kwenye gramu. Inakaa kwenye mkono wa fundi aliyemjua mnyama wake.