Presha Inayotafuna Kumbukumbu

Kwenye soko la Mwaloni, Kirumba, kayabo hupangwa kwa tabaka: sangara aliyepasuliwa, chumvi, sangara mwingine, chumvi tena. Chumvi hiyo inayomkinga samaki asioze, ikizidi mwilini hupandisha presha. Kwamba presha huleta kiharusi, wengi wanajua. Wasiloambiwa vya kutosha ni kwamba presha hiyohiyo, bila kumwangusha mtu hata siku moja, huweza kuitafuna kumbukumbu yake taratibu. Bibi akianza kuuliza swali lilelile mara nne, au kupotea njia ya sokoni aliyoizoea, husemwa ni uzee, au amelogwa. Mimi nasema tuanze kuitazama mishipa yake ya damu. Ubongo ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni, na hauna ghala la kuiweka. Unategemea vimishipa vyembamba kuliko unywele, vinavyotanuka na kusinyaa kulingana na kazi iliyopo. Presha ya miaka mingi huikakamaza mishipa, damu ikapungua na kuta zikaanza kuvuja.

Atakayepinga atakumbusha kwamba daktari Alois Alzheimer, mwaka 1906, alieleza mabonge ya protini kwenye ubongo wa mgonjwa wa kusahau, si mishipa. Ni kweli. Lakini sehemu ya protini hiyo, amiloidi, hutolewa ubongoni kwa kufuata mishipa. Njia ikiharibika, taka hubaki, nazo huzidi kuibana mishipa. Katika utafiti wa wazee wa miaka 70 na zaidi wilayani Hai, Kilimanjaro, karibu nusu ya waliokutwa na ugonjwa wa kusahau walihesabiwa kuwa na Alzheimer, na takribani wawili kati ya watano maradhi ya mishipa. Ila maiti zikipasuliwa, mara nyingi ubongo mmoja hukutwa na yote mawili. Je, mishipa huharibika kwa sababu ubongo umekwisha kuugua? Huenda kwa sehemu. Hata hivyo jaribio la Marekani lililohusisha watu zaidi ya 9,000, matokeo yake yakatolewa 2019, lilionyesha kwamba kulenga presha chini ya 120 badala ya 140 kulipunguza dalili za awali za kudhoofika akili kwa karibu asilimia 19. Kwa ugonjwa wenyewe wa kusahau, nafuu haikuthibitika. Jaribio lilisitishwa mapema, na maradhi haya huchukua miaka mingi kukomaa. Ndiyo maana wa kuwahiwa kufungwa mkanda wa kupimia presha ni binti wa yule bibi, mwenye miaka 45, anayeshinda Mwaloni akipanga kayabo na hajisikii kuumwa popote.