Barua Isiyofika Rumonge

Alfajiri, kwenye maegesho ya Rumonge nchini Burundi, Toyota Probox inapakia kwenda Bujumbura. Nyuma kuna magunia ya ndagala, katikati abiria wanne, na mbele wawili wamebanana kwenye kiti cha mmoja. Mbele ya magoti ya hao wawili, ndani ya dashibodi, kuna kopo la chuma la kujazia mfuko wa hewa. Hakuna aliyewahi kuliona, na mwenye gari hajui lilitoka kiwanda gani. Ila huko Japani, huenda ipo barua iliyoandikwa kulihusu miaka mingi iliyopita.

Kiwanda kikigundua kasoro ya hatari katika bidhaa iliyokwisha kuuzwa, hutoa wito wa kuirejesha: mwenye mali aipeleke, itengenezwe au ibadilishwe bure. Kwa gari, wito huo hupelekwa kwa mtu aliyeandikwa katika daftari la usajili. Hapo ndipo mtumba unapoachwa nyuma. Gari likifutwa katika daftari la Japani, likapanda meli hadi Dar es Salaam, likaingia Burundi kwa Kobero au kwa Mugina, limekwisha kupita mikononi mwa mnada, wakala, komisioneri (dalali) na pengine wanunuzi wawili. Kiwanda hakimjui mchuuzi wa mawese wa Rumonge. Barua inabaki kwa mtu ambaye gari hana.

Kisa kinachotuhusu zaidi ni cha Takata, kampuni ya Japani iliyotengeneza mifuko ya hewa kwa viwanda vingi vya magari. Honda ilianza kwa kuita magari kama 4,000 mwaka 2008. Miaka iliyofuata wito ulienea hadi makopo yapatayo milioni 100 duniani, milioni 67 kati yake Marekani peke yake. Toyota Corolla na Vitz zilikuwemo, Honda Fit pia, na za Nissan, Mazda na BMW. Marekani walikufa watu zaidi ya 20, na wengine Malaysia. Juni 2017 Takata iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Kasoro yenyewe inaeleweka vizuri jikoni. Mfuko wa hewa haujazwi kwa pampu. Gari likigonga, kihisi hutuma umeme kwenye kopo, vidonge vya baruti vinawaka, na gesi yake inaujaza mfuko kabla hujapepesa jicho. Takata walitumia amoniamu naitreti, kemikali ya bei nafuu ambayo wakulima wanaijua kama mbolea. Tabia yake ni kunyonya unyevu. Chumvi ukiiacha wazi masika, inalowa, inakauka, inalowa tena, mwisho inamong'onyoka. Vidonge navyo hupatwa na hayo, joto la mchana na baridi ya usiku vikivichosha mwaka baada ya mwaka. Sasa kumbuka moto wa kuni: gogo huungua taratibu, lakini unga wa mbao ukiutupa motoni unalipuka kwa mkupuo. Baruti iliyomong'onyoka huwaka hivyo hivyo. Kopo linashindwa kuihimili, linapasuka, na vipande vya chuma vinatoboa mfuko na kumfikia aliyekuwa akingoja kuokolewa nao.

Ndiyo maana Marekani ilitanguliza majimbo ya joto na unyevu, kama Florida, ikaweka nyuma yale ya baridi kavu. Mwambao wa Ziwa Tanganyika una joto, una unyevu, na magari yetu hushinda juani. Zaidi ya hayo, hatari hukua kadiri kopo linavyozeeka, na sisi tunanunua gari likiwa limezeeka tayari.

Japani wenyewe walilijua hilo. Tangu Mei 2018 magari yenye makopo ya hatari zaidi ambayo hayajabadilishwa hayapitishwi katika ukaguzi wao wa lazima. Lakini gari linalofutwa ili liuzwe nje halihitaji ukaguzi huo.

Basi mnunuzi afanyeje? Jina la mwenye gari limepotea njiani, ila namba ya fremu haijapotea. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba ya tarakimu na herufi 17 kama ya Ulaya. Yana msimbo wa modeli, kistari, kisha tarakimu sita au saba. Probox nyingi huanza na NCP51. Fungua boneti, tafuta kibati kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, kisha ulinganishe na karti roze (kadi ya usajili) na hati ya kusafirishia gari kutoka Japani. Tovuti za Japani za Toyota, Honda na Nissan zina kisanduku cha kuandika namba hiyo. Ni za Kijapani, lakini programu ya kutafsiri ya simu inatosha kukwambia kama kuna wito ambao haujatekelezwa.

Usitegemee taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi. Taa hiyo inapima nyaya na umeme, haioni baruti iliyooza. Na isipowaka kabisa unapogeuza ufunguo, huenda mtu aliitoa ili isikusemeshe.

Namba ikikutwa na wito, muulize kwa maandishi muuzaji rasmi wa chapa hiyo, ukimpa namba na jina la wito. Ukingoja jibu, kiti cha abiria cha mbele kisikaliwe. Kama kopo lenye kasoro ni la dereva, gari lipumzike. Usimwachie fundi alifungue: ni mzinga mdogo. Na usinunue usukani wenye mfuko wake uliotolewa kwenye gari bovu, uwe wa Buyenzi huko Bujumbura, wa Kisekka huko Kampala au wa Grogan huko Nairobi. Kipuri hicho kimeachana hata na namba ya fremu, na hakuna kisanduku kitakachokujibu.

Somo halikomei kwenye magari. Mwaka 2016 Samsung iliziita simu zake za Galaxy Note 7, kama milioni 2.5, kwa sababu betri zilikuwa zikishika moto. Aliyenunua dukani aliitwa. Aliyenunua mkononi mwa mtu huenda alisikia redioni tu.

Kwa hiyo komisioneri akikutajia bei, usianze kwa kumwomba apunguze. Mwombe kwanza kitambaa, ufute vumbi kwenye kibati, upige picha. Kama gari ni zima, dakika tano hazitamharibia biashara. Na kama namba imekwanguliwa, umekwisha kujibiwa kabla hujatoa hata faranga moja.